Mwiko wa Taa

Mama Mchungaji aliogopa umeme kuliko alivyoogopa nyoka, na ndiye aliyekuwa akiwasha taa ya mtaa wetu.

Aliiwasha kwa mwiko. Swichi ilikuwa ndani ya kijisanduku cha bati ukutani mwa baraza lake, pembeni yake palikuwa na msumari, na kwenye msumari uliningʼinia mwiko wa mti ambao haukuwahi kuonja ugali tangu upewe kazi hiyo. Jioni ikifika alivaa malapa ya mpira juu ya soksi zake za sufi, akafungua kijisanduku kwa ncha ya kanga, akarudi nyuma kidogo kama mtu anayempisha ngʼombe, akanyoosha mkono wenye mwiko na kufumba macho. Tak. Kisha alifumbua jicho moja kuangalia kama bado yuko duniani.

"Nimepona tena," alisema kila jioni.

Siku moja nilimwambia, "Mama, hiyo swichi haina neno. Hata mtoto mdogo anaibonyeza kwa kidole."

"Mtoto mdogo hana cha kupoteza," akanijibu. "Mimi nina kuku."

Taa yenyewe ni ya zamani, na hadi leo ipo. Ni nguzo ya chuma, nyembamba, shingo yake imepinda mbele kama mtu anayechungulia kisimani. Kichwani imevaa kofia ya bati mfano wa sahani iliyofunikwa, kijani kwa nje na nyeupe kwa ndani, na ule weupe umebanduka hapa na pale kama bakuli la kurithi. Nani aliisimamisha, Lushoto nzima haina jibu moja. Wengine husema ni Wajerumani, wengine Waingereza, na fundi viatu wa pale chini anashikilia kwamba ni mkandarasi fulani aliyebakiwa na nguzo asijue pa kuzipeleka. Zamani zilikuwa safu kutoka sokoni hadi kilimani kanisani. Nyingine zilianguka, nyingine ziliondolewa barabara ilipopanuliwa. Hii ikabaki kwenye kona, mbele ya nyumba ya Mama Mchungaji, na waya wake wa zamani ulipokufa, marehemu mumewe aliomba iunganishwe na umeme wa nyumba yao. Kuanzia hapo taa ya barabara ikawa na mwenyewe.

Ninaandika habari zake kwa sababu ile taa ilikaribia kungʼolewa, na kama ingengʼolewa, Mama Mchungaji angebaki hana la kufanya jioni. Kwa mtu mwingine hilo ni jambo dogo. Kwake yeye jioni ndiyo ilikuwa siku. Hilo nitalifikia, lakini kwanza mumjue mtu mwenyewe.

Mimi ni msusi. Nilimaliza kidato cha nne kimyakimya, na matokeo yakanishauri nitafute kazi ya mikono. Mama yangu, tuliyekuwa tukiishi naye nyumba ya jirani, alilia kidogo. Mama Mchungaji yeye alisema, "Mikono siyo adhabu," akanipa pembe ya baraza lake, benchi moja na ndoo ya kupindua wateja waikalie. Sharti lilikuwa moja, nimsuke na yeye kila nywele zikifumuka. Nywele zake zilikuwa fupi, nyeupe, laini kama pamba ya mto. Nilimwuliza mtindo, akataka ule wa kizamani uitwao twende kilioni.

"Mama, ule ni wa siku nyingi."

"Na mimi ni wa siku nyingi. Usinisuke kama binti wa harusini, waumini watasahau wimbo."

Wateja wangu wengi walitoka shambani au sokoni, kwa hiyo walinijia jioni, na kichwa cha mwisho nilikimaliza kwa mwanga wa ile taa. Ni mwanga wa njano, wa globu za kizamani, wenye rangi ya kiini cha yai la kienyeji. Uso wa mtu ukikaa chini yake unapendeza hata kama amegombana na mumewe. Nilikuwa na ndoto, na bado ninayo, ya kufungua saluni yenye kioo kikubwa kilichozungushiwa globu pande zote, kama nilivyoona kwenye televisheni ya dukani. Nilimsimulia nikiwa na kichwa chake mapajani. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaguna.

"Hata ndoto zako zina umeme mwingi," akasema. "Nikija huko nitakuja na mwiko."

Hizo globu za njano siku hizi ni za kutafuta. Maduka yanauza zile nyeupe, zinazofanya watu waonekane kama wametoka kulazwa. Kwa hiyo mtu yeyote aliyeshuka Mombo, Korogwe au Tanga alipita kwake kuaga, na wote walijua wataagizwa nini. Alizihifadhi kwenye trei ya mayai, kila globu kwenye shimo lake, juu ya kabati la vyombo. Mgeni mmoja kutoka mjini aliwahi kukaribishwa chai, akatazama juu akasema, "Mama, kuku wako wanataga vitu vikubwa." Mama Mchungaji alicheka mpaka akamwongezea kiazi.

Alikuwa mtu wa kukataza jambo na kulifanya. Alikataza umbea, na kona yake ndiyo ilikuwa makao makuu ya umbea wa mtaa, kwa sababu watu wakipita huwa wanasimama penye mwanga. Alifungua dirisha akatoa kichwa. "Mimi sipendi habari za watu," alisema. "Kwa hiyo ongea polepole nisikie vizuri nijue nisichokipenda." Alikataza watu wazima kupanda ngazi, akatuambia miili ya wazee ni vikombe vya udongo, na globu ilipoungua nilimkuta yuko juu ya ngazi, kitenge amekikunja kiunoni, ananiamuru nimpitishie nyingine na nisimwambie binti yake. Hapo juu hakuogopa, maana swichi ilikuwa imezimwa na mwiko alikuwa ameuchomeka mgongoni kwenye mkanda, kwa tahadhari.

Vijana waliosimama na wasichana wao nje kidogo ya duara la mwanga aliwaita waingie ndani ya duara.

"Njooni hapa. Kama anakupenda, akupende nikimwona meno."

Wengi walikimbia. Wawili waliingia, wakaoana, na harusini walimtaja kwenye shukrani kabla ya mshenga.

Jambo la ajabu ni kwamba alizihesabu taa nyingine za zamani kuwa ni jamaa za ile yake. Alijua zilipo zote zilizobaki. Ipo moja uani kwa muuza nyama, haina globu, ndege wamejenga ndani ya kofia yake. Ipo moja iliyogeuzwa mti wa kuanikia nguo. Kofia ya nyingine iko kwa mfuga kuku karibu na njia ya kwenda msituni, ameiningʼiniza chini chini na globu yake, vifaranga wanajibanza hapo kama watoto jikoni. Na ipo moja Soni, karibu na wanapopakia mboga, ambayo bado inawaka. Hiyo ya Soni aliipenda hasa. Mtu akirudi kutoka huko alimwuliza habari za soko, za mvua, za wagonjwa, kisha, "Na ile taa yetu ya Soni, imeamkaje?" Watu walishazoea. Dereva wa gari la kabichi alikuwa akipunguza mwendo pale kwa makusudi, ili akirudi awe na jibu. "Nzima, Mama. Imeinama kidogo." Naye alitikisa kichwa kwa huruma. "Ni hilo vumbi la magari."

Kitu kingine alichokuwa haamini ni saa. Ukutani kwake ilikuwepo saa kubwa ambayo usharika ulimpa mumewe alipostaafu, imeandikwa mstari wa Zaburi, nayo ilisimama ilipotaka na kuondoka ilipotaka. Taa aliiwasha kwa adhana ya Magharibi. Msikiti uko chini ya barabara yetu, na sauti ya Muadhini ikipanda tu, Mama Mchungaji alikuwa ameshavaa malapa.

"Saa inaendeshwa na betri, na betri inauzwa na binadamu," alinieleza. "Yule mzee anamwogopa Mungu. Hawezi kuchelewa akanidanganya."

Muadhini mwenyewe alikuwa mkulima wa karoti na kabichi, mwembamba, wa umri wake, mguu mmoja mbovu tangu alipoteleza kwenye matuta ya shamba. Mchana alipita na mzigo wake akielekea sokoni, wakasalimiana kwa lugha ya kwetu ya milimani.

"Onga mshi, Mama Mchungaji."

"Tiwedi, Shehe. Jana sauti yako ilikwaruza. Ulikula nini?"

"Nilikula kabichi ya shamba lile uliloliombea mvua."

"Basi niliomba mvua nyingi mno."

Hawakuwahi kukaa chini wakazungumza zaidi ya hapo, nijuavyo mimi. Lakini jioni mmoja aliita na mwingine akawasha, na sisi tulioishi katikati yao tulikua tukidhani kwamba mambo hayo mawili ni jambo moja. Mtoto wa kwetu ukimwambia Magharibi imeingia, alitazama kwanza taa.

Na hapo ndipo kosa lilipozaliwa.

Ilikuwa Ramadhani, masika, na ukungu wa siku ile ulishuka kutoka mlimani mapema ukakaa barabarani kama mtu aliyelipia. Mikaratusi ya ngʼambo haikuonekana. Spika ya msikiti ilikuwa imeharibika tangu jana yake, imepelekwa Soni kwa fundi, kwa hiyo Muadhini aliadhini kwa koo lake tu. Nyumbani kwetu mama alikuwa ameshapanga tende kwenye sahani na uji umefunikwa. Wadogo zangu walikaa mlangoni.

"Hatutasikia kitu na ukungu huu," mama akasema. "Tazameni taa."

Kila nyumba ya upande ule, baadaye tuligundua, ilisema maneno hayo hayo.

Mama Mchungaji naye alikuwa barazani na malapa yake, anasikiliza. Giza limejaa, sauti haiji. Akangoja. Akaona labda adhana imeshapita bila spika, naye hakuisikia, na watu wanapita gizani kwa sababu yake. Akachukua mwiko. Tak.

"Imewaka," wadogo zangu wakasema kwa pamoja.

Tukala. Mama alikuwa na tende mdomoni, mimi nimeshakunywa uji nusu kikombe, tuliposikia kutoka chini, ndani ya ukungu, sauti ya mzee inapanda taratibu, haina haraka na mtu. Ndiyo kwanza anaanza. Mama aliacha kutafuna. Alinitazama, akatazama taa, akatazama kokwa la tende mkononi kana kwamba lingerudi kuwa tende.

"Mama Mchungaji ametufungulia," akasema.

Hakukasirika, wala sikusikia nyumba yoyote iliyokasirika. Watu walitoka nje, wakaulizana, wakaanza kucheka, wengine bado wanatafuna. Aliyeumia ni mwenyewe. Alipopata habari alijitanda sweta kichwani akashuka mpaka mlangoni mwa msikiti, akamngoja Muadhini pale kwenye ukungu mpaka swala ikaisha. Mimi nilimfuata nimshike mkono, maana barabara ilikuwa tope.

"Shehe, nimewaharibia watu funga."

"Umeharibu nini, Mama. Hukukusudia. Siku ikienda hivyo inalipwa, basi, hakuna ugomvi."

"Inalipwaje?"

"Ramadhani ikiisha, kila aliyekula anafunga siku moja."

"Na waliokula ni wangapi?"

Muadhini akatazama kando ya barabara, nyumba kwa nyumba, vyungu vinafuka. "Ni upande wote huu," akasema, na nikaona anajizuia asicheke.

Mama Mchungaji naye akazitazama zile nyumba. Kisha akasema, "Na mimi ni wa upande huu."

Tulidhani ni maneno ya majuto tu. Lakini Idi ilipopita, watu walipokubaliana kulipa siku ya Alhamisi, alimwuliza mama yangu kila kitu cha daku. Alishtuka kusikia kwamba hata maji hayaruhusiwi. "Hata ya kumezea dawa?" akauliza. Mama akamwambia mwenye dawa ana udhuru. Akajibu kwamba dawa yake ni ya magoti, na magoti yatasubiri.

Siku hiyo nilimsuka. Asubuhi alikuwa mchangamfu, akaimba nyimbo zote za Pasaka. Adhuhuri akapunguza beti. Alasiri alilala ubavu kwenye benchi langu huku jikoni kwake makande yanachemka, makande aliyoyainjika mwenyewe kwa ajili ya watu, na harufu yake inatoka mlangoni inatutembelea.

"Hivi nyinyi mnafanya hivi mwezi mzima?"

"Ndiyo, Mama."

"Na mnasalimia watu?"

"Tunasalimia."

Akageukia ubavu wa pili. "Nitaacha kuwasema Waislamu wa sokoni kwamba Ramadhani wanauza kwa hasira," akasema. "Wanajitahidi."

Spika ilikuwa imerudi siku nyingi. Adhana ilipoanza, watu walikuwa wamejaa barazani kwake na vyombo, wamekuja na tambi, uji wa pilipili manga, viazi. Sote tulimtazama yeye. Alisimama na mwiko wake, hakunyoosha mkono. Akangoja Muadhini amalize neno la mwisho kabisa, akangoja na mwangwi urudi kutoka mlimani. Ndipo akafumba macho. Tak. Muadhini alipopanda kutoka msikitini akakuta amewekewa bakuli la makande yenye parachichi pembeni, akaketi kwenye ndoo yangu ya wateja, wakala kimya kama watu waliotoka kulima shamba moja.

Tangu siku ile hakuwahi tena kuwasha kabla adhana haijaisha. Mvua, giza, ukungu, aliwaacha watu wapapase.

Sasa hilo la kungʼolewa.

Mwaka uliopita mtaa ulipata taa za sola. Sitasema ubaya wake. Wadogo zangu wa kike siku hizi wanatoka bombani bila tochi, na mwanga wake unafika hadi kwenye mfereji. Mwenyekiti wetu wa mtaa ni kijana mwenye adabu, alikuja mwenyewe barazani, akaamkia, akanywa chai. Akaeleza kwamba nguzo moja mpya imepangiwa pale pale kwenye kona. Ile ya zamani imeoza mguu kwa kutu, ukiiegemea inacheza, itamwangukia mtu. Itangʼolewa, iuzwe chuma chakavu.

"Na hizo mpya zinawashwa na nani?" Mama Mchungaji akauliza.

"Zinajiwasha zenyewe, Mama. Utapumzika sasa."

"Haya, mwanangu," akasema. "Asante."

Mwenyekiti alipoondoka, alisimama akautoa ule mwiko msumarini. Akauosha kwa sabuni, akaukausha na kanga, akaupeleka jikoni akauchomeka kwenye kopo pamoja na miiko mingine. Nilikuwa na kichwa cha mteja mkononi. Niliuona ule msumari umebaki mtupu ukutani, na mistari ya nywele ikaniponyoka, mteja akaniuliza kama ninalia. Nikamwambia ni moshi.

Kikao cha mtaa kilifanyika kwenye banda la soko, asubuhi, kabla ya mnada wa karoti. Mambo yalikuwa mengi: mfereji, mbuzi wa mtu, ulinzi. Taa ilifika mwisho. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno. Watu wakamgeukia Mama Mchungaji, aliyekaa nyuma juu ya gunia. Akasema hana neno, za sola ni nzuri, na yeye mwenyewe ameshaziona zinavyowaka.

Ndipo Muadhini akainuka na fimbo yake.

"Mimi nina swali," akasema. "Hizi taa mpya nimezitazama. Juzi ukungu umeshuka saa tisa mchana, zikawaka zote. Sizilaumu, zimeona giza, zimedhani ni usiku. Hata watu hukosea hivyo."

Hapo banda lilishaanza kucheka, maana wote walijua anakwenda wapi. Mama Mchungaji akajifunika uso kwa kanga.

"Swali langu ni hili, Mwenyekiti. Hizo zinazojiwasha zenyewe, zikikosea, nani atafunga nasi?"

Banda zima likalipuka. Wauza karoti wa nje wakachungulia kuona kuna nini. Mwenyekiti naye alicheka, akafuta macho, kisha akakumbuka cheo chake.

"Mzee, nakuelewa. Lakini ile nguzo ina mguu mbovu."

"Hata mimi nina mguu mbovu, na hamjanipeleka kwa chuma chakavu."

Basi ikaitishwa msaragambo. Jumamosi watu walibeba mawe na mchanga kutoka mtoni, mafundi wakachimba kuzunguka ule mguu, wakaufunga kwa zege nene. Nguzo ya sola ikasogezwa juu kidogo, penye bomba, ambako giza lilikuwa kubwa zaidi. Zege likiwa bado bichi, kuku wa Mama Mchungaji alipita katikati yake kwa raha zake, nyayo zikabaki. Fundi alitaka kuzifuta. Mama Mchungaji akamzuia.

"Mwache aandike na yeye," akasema. Kisha akaingia jikoni, na alipotoka alikuwa na mwiko.

Magoti ndiyo yaliyomwondoa, si taa. Baridi ya Juni iliyofuata ilimkaa vibaya, na binti yake aliyeolewa Mazinde akapanda na gari kuja kumchukua, akakae kwenye joto. Aliondoka na kuku, saa ya ukutani isiyotembea na trei yenye globu moja, ya ukumbusho. Zilizobaki aliniachia kabatini. Mwiko aliuacha kwenye msumari. Kazi akampa mke wa Muadhini, mama mmoja mnene, mcheshi, asiyeogopa umeme hata kidogo, lakini anatumia mwiko kwa heshima ya kazi.

Nilikwenda kumwona hivi karibuni. Nilibeba kikapu cha mapeasi na plamu, nikashuka. Mazinde ni tambarare, joto, mkonge mpaka macho yachoke, na milima yetu imesimama nyuma kama ukuta wa mtu mwingine. Nilimkuta uani kwenye mkeka, hana sweta. Sikuwahi kumwona bila sweta, nikaona haya kidogo. Nywele zilikuwa zimefumuka.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umeleta kitana?"

Nilikuwa nimeleta. Akalaza kichwa mapajani kwangu kama zamani, nikaanza kuchambua. Akauliza habari za soko, za mvua, za wagonjwa. Nikamwambia nimepita Soni, taa yetu ya pale imepigwa rangi. Akafurahi, akauliza rangi gani, nikamwambia ya fedha, akasema, "Imeolewa hiyo." Kisha akainua kichwa kidogo, na nikajua anataka kuuliza nini.

"Na ile ya kwetu?"

Nikamweleza yote, hata lile ambalo mama yangu alinikataza nisimwambie. Kwamba wiki iliyopita mke wa Muadhini alikuwa na wageni, akakaanga samaki, akasahau. Adhana ikaisha, taa haikuwaka. Watu walianza kutoka nje mmoja mmoja. Hakuna aliyesema ni taa. Walisimama tu barabarani, wanatazama kona, wanasalimiana kwa sauti ya chini kama penye msiba, mpaka mtoto mmoja akaenda kumgongea mke wa Muadhini dirisha, naye akatoka mbio na mwiko wa samaki badala ya ule mwenyewe.

Mama Mchungaji alicheka mpaka nikaogopa. Alicheka machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiganja, akacheka tena. Halafu akatulia, akabaki anatazama milima.

"Basi mmekosea," akasema. "Mlipe."

"Tulipe nini, Mama?"

"Siku moja. Alhamisi. Mwambie Shehe. Na mimi nitafunga huku huku."

"Na magoti?"

"Huku yana joto. Hayana kisingizio."

Niliporudi nikamwambia Muadhini nikidhani atacheka. Hakucheka. Alisema, "Alhamisi ni siku njema," akaenda kumwambia mkewe, na mkewe akauambia mtaa.

Alhamisi jioni barazani kwa Mama Mchungaji palijaa. Nyumba imefungwa, lakini baraza ni la watu. Makande yalipikwa na mwimbaji mmoja wa kwaya ya kanisani ambaye naye alifunga, akasema hajui analipa nini ila hataki kuachwa. Ukungu ulikuwepo, wa kawaida. Adhana ikapanda, ikaisha. Mke wa Muadhini akavaa malapa, akafumba macho kwa kuiga, sote tukajua anaiga nani. Tak. Mwanga wa njano ukashuka juu ya sahani.

Tende zilikwisha, na kabla sijafikisha makande mdomoni, simu yangu ikaita. Nikaiweka sauti kubwa wasikie wote.

"Imewaka?"

"Imewaka, Mama."

"Shehe ameadhini kwanza, au mmetazama ukungu?"

Muadhini, aliyekuwa ndiyo kwanza anapanda barabara na fimbo yake, akainama kwenye simu. "Nimeadhini, Mama Mchungaji. Neno la mwisho na mwangwi wake."

Kule Mazinde tukasikia sahani inavutwa.

"Haya," akasema. "Na mimi nakula."